Fomu ya Pingamizi Niliyojaza kwa Hasira

Mke wangu alikuwa anaficha kitu chini ya majani ya chai.

Nilikiona Alhamisi moja mwezi wa tano, kwenye banda la kupimia majani hapa upande wa Sosiot. Karani aliinua kikapu cha mke wangu Mongina, akakimwaga, na katikati ya majani mabichi kikaanguka kitu kilichofungwa kwa nailoni.

Kitabu.

Karani akacheka. Wamama waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mongina akakiokota haraka, akakiingiza ndani ya aproni, halafu akaangalia barabara kama mtu anayesubiri mgeni.

Mimi sikucheka.

Naitwa Kebaso. Nina miaka arobaini na minane. Shule niliacha darasa la sita, kwetu Nyamira, nikaja huku Kericho juu ya lori kuchuna chai ya watu. Siku hizi tumekodi shamba dogo, tunachuna ya kwetu. Naandika vile ninavyoongea. Ukiona nimekosea mahali, songa mbele.

Siku hiyo tulirudi nyumbani. Mongina alipoenda kukamua ng'ombe, nikaingia ndani moja kwa moja mpaka kwa ile aproni.

Nikafungua nailoni. Jina la kitabu lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyekundu: Barua kwa Mke wa Mtu.

Nikasoma tena, polepole. Barua. Kwa mke. Wa mtu.

Kwenye jalada kulikuwa na mwanaume mwenye mfuko begani na mwanamke amesimama mlangoni. Wanaangaliana. Ukitaka kujua walikuwa wanaangaliana vipi, muulize mwanaume yeyote mwenye mke.

Nikageuza nyuma. Nyuma kabisa kulikuwa kumebandikwa ile karatasi ya maktaba ya kuandika tarehe ya kurudisha. Jina la mke wangu lilikuwa hapo. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli, mwandiko mzuri, umelala upande mmoja:

"Hatimaye nimekipata. Kisome mpaka mwisho kwanza. Baba Mellen asijue bado. S.M."

Baba Mellen ni mimi. Mellen ni binti yetu, yuko kidato cha pili hapo shule ya kutwa. Na S.M. nilimjua bila kuuliza. Steve Mureithi, mwalimu aliyetoka upande wa Nyeri, ndiye anayesimamia maktaba ya shule hiyo.

Kijana wa miaka thelathini na kitu. Shati imepigwa pasi mpaka mikono. Viatu ambavyo havijui matope, na sisi huku tunakaa kwenye matope miezi tisa.

Sasa mambo mengi yakaanza kujipanga kichwani. Alhamisi, Mongina anaoga mapema. Alhamisi, anapitia shuleni "kuona mtoto." Na jikoni kila siku ni Mwalimu Mureithi amesema hivi, Mwalimu Mureithi amesema vile. Nilikuwa nimemwambia juzi tu kwamba huyo mwalimu kama anajua kila kitu, aje basi akamue ng'ombe.

Wivu ukanishika.

Nikaishika ile karatasi, nikaivuta. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya nguvu, ikatoka na ngozi yake. Nikaikunja mara nne, nikaiweka kwenye mfuko wa shati. Ushahidi. Kitabu nikakifunga vile nilivyokikuta.

Mongina alipoingia na ndoo nikamuuliza kile kitabu ni cha nani.

"Ni cha shule."

"Na wewe uko kidato cha ngapi?"

"Alhamisi maktaba iko wazi kwa wazazi," akasema. "Hata wewe ungeenda."

"Nikafanye nini?"

Akaniangalia kidogo, akaanza kuchuja maziwa. Na mwanamke asipojibu, mwenye wivu anajijibu mwenyewe, tena majibu mengi.

Kesho yake mvua ya mawe ikatupata shambani. Wanaoishi huku wanaijua. Ilitupiga mpaka mfupani, majani yakabaki vipande. Nilipofika bandani nikaweka mkono mfukoni kutafuta ushahidi wangu.

Uji.

Nikasema haidhuru, maneno yote niko nayo kichwani. Nikaenda shuleni nikiwa vilevile, maji yananitiririka.

Maktaba yao ni stoo ya zamani ya mahindi iliyopakwa rangi. Nilimkuta Mureithi anabandika majalada. Sikumsalimia. Nikamwambia mko na kitabu kichafu hapa, kinaitwa Barua kwa Mke wa Mtu, na nataka kitolewe leo.

Hakushtuka, na hiyo iliniudhi kabisa. Alitoka akamwita mwalimu mkuu, Madam Chepngetich, mama wa hapahapa Belgut, mfupi, mtu asiyepandisha sauti hata akiwa amekasirika.

Madam akanionyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni. Akanieleza kwamba vitabu vya pale haviingii ovyo. Kuna kamati ya watu sita: walimu wawili, wazazi wawili, wanafunzi wawili. Mtu yeyote anaweza kuweka pendekezo kwenye sanduku. Kamati inatafuta kitabu, angalau wawili wanakisoma, wanaangalia kama kinafaa umri wa watoto, ndipo kinanunuliwa.

"Hiki kilipendekezwa na mzazi," akasema.

"Mzazi gani?"

"Jina la anayependekeza hatutoi, mzee. Na la anayepinga pia hatutangazi. Lakini anayepinga anajaza fomu."

Akanipa fomu. Nilitegemea maneno makubwa ya serikali, lakini ilikuwa na maswali manne tu. Umesoma kitabu chote? Ni ukurasa gani unaokusumbua? Unaona kitamdhuru nani? Ungependa tufanye nini?

La tatu nusura niandike "mimi."

La nne nikaandika: KITOKE.

La kwanza nikaliacha wazi. Mureithi akaliona.

"Kama hujakisoma, mzee, hiyo si shida," akasema. "Mama atakupatia, kiko kwenu. Uko na siku kumi na nne. Kamati ikikaa, utatuambia kurasa."

Alikuwa na kitabasamu kidogo pembeni ya mdomo. Mzee! Na ni mimi ninayembebea mama huyo kikapu jioni. Nikamuuliza kwa nini kisiwekwe pembeni kwanza mpaka kamati ikae. Akasema hapana, kitabu kinaendelea kutumika mpaka uamuzi utoke, ndiyo sheria. Hata ukipinga wewe, au chifu, au nani.

Nikatoka pale moto unawaka. Nikapitia kwa Drusilla, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, mtu akisimama hata pasta anakaa. Nikamtajia jina la kitabu.

"Mke wa mtu?" akasema.

"Wa mtu."

"Na watoto wanasoma?"

"Mpaka kidato cha nne."

Yaliyobaki alifanya yeye. Kufika Jumapili mchana, fomu yangu ilikuwa imeongezewa karatasi yenye sahihi kumi na mbili. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndani kumeandikwa nini. Jina lilitosha.

Habari zikamfikia Mongina kabla sijafika nyumbani.

Nilimkuta amesimama mlangoni, kama yule wa kwenye jalada.

"Umepeleka jina langu shuleni?"

"Nimepeleka la kitabu."

"Wanajua nani alikuwa nacho kwenye kikapu, Baba Mellen. Banda lote lilicheka. Wewe umewaambia sasa walikuwa wanacheka nini."

Nikamwambia aniambie basi yale maneno ya penseli yalikuwa ya nini. Halafu akaleta kile kitabu, akakiweka juu ya meza mbele yangu.

"Soma."

Hakuniambia neno lingine kwa wiki nzima. Chakula aliniwekea, chai aliniwekea, lakini alikuwa anaongea na mimi kupitia kwa Mellen. Mwambie baba yako kuni zimeisha. Nami niko hapo.

Basi nikaanza kusoma. Nilikaa nje chini ya paa, na kidole, na penseli ya kupigia mstari mahali pa uchafu. Mtu wa darasa la sita hasomi haraka. Ukurasa mmoja ulinichukua muda wa kunywa kikombe.

Kulikuwa na tarishi. Mtu wa kupeleka barua kwa miguu, zamani hizo. Amepewa barua moja iliyofungwa, aipeleke ng'ambo ya milima kwa mwanamke ambaye ni mke wa mtu. Amekatazwa kuifungua. Nikasema ehe, uchafu unakuja.

Ukurasa wa tisa akaanza kufuatwa na mbuzi.

Mbuzi wa jicho moja.

Penseli ikaanguka.

Ngoja niwaambie kitu ambacho sijawahi kuandika mahali. Darasa la sita, kule Nyamira, tulikuwa na mwalimu aliyeitwa Sagini. Kila Ijumaa mchana alikuwa anatusomea kitabu. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada, lilikuwa limeng'oka, kwa hiyo hatukujua kinaitwaje. Kilikuwa cha tarishi na mbuzi wa jicho moja. Darasa zima lilikuwa linanyamaza mpaka unasikia kuku wa jirani.

Ijumaa ya mwisho, tarishi alifika mtoni akakuta daraja limeenda na maji. Kengele ikalia. Mwalimu akafunga kitabu.

Jumatatu mimi nilikuwa juu ya lori naja Kericho. Baba alikuwa amekufa na sisi tulikuwa saba.

Miaka thelathini na minne nimechuna chai nikijiuliza alivukaje. Na ile barua ilikuwa na nini ndani. Utacheka, lakini kuna wakati uko katikati ya mistari ya chai, mvua inanyesha, na hicho ndicho kitu unachofikiria.

Mtu mmoja tu nilikuwa nimemwambia. Tulikuwa tumeoana juzi, mvua ya mawe imemaliza majani, hakuna kazi. Mongina aliniuliza yule mbuzi alikuwa rangi gani. Nikamwambia mwalimu hakusema.

Nikaangalia ukurasa wa tisa. Mweusi mwenye doa jeupe.

Sasa yale maneno ya penseli nikayaelewa, neno kwa neno. Hatimaye nimekipata. Kisome mpaka mwisho kwanza, uhakikishe ndicho. Baba Mellen asijue bado.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Mongina aliweka karatasi kwenye lile sanduku la mapendekezo miaka miwili nyuma. Hakuwa na jina la kitabu wala la mwandishi. Aliandika tu: cha tarishi na mbuzi wa jicho moja, mume wangu hakukimaliza. Na yule kijana wa viatu visivyojua matope alikuwa ameuliza maduka ya vitabu mpaka Nakuru, mpaka akasikia kimechapishwa upya na jalada jipya na jina ambalo sisi hatukuwahi kuliona.

Lakini siku hiyo chini ya paa sikujua yote hayo. Nilijua ya kutosha. Aibu ilinipanda mpaka masikio.

Ningeenda kwa Mongina palepale. Sikuenda. Nataka niwe mkweli: nilitaka kwanza nijue alivukaje.

Nilisoma siku sita. Alivuka kwa kushika mkia wa mbuzi, na sisemi zaidi, msome wenyewe. Akapanda mlima wa mwisho. Akafika kwenye ile nyumba. Mwanamke akapokea barua, akaifungua, akasoma kimya, akamwita tarishi aliyekuwa ameshaanza kuondoka. Akamwambia: "Rudi ukae chini nikusomee, kwa maana barua hii"

Nikageuza ukurasa.

Hakukuwa na ukurasa. Kulikuwa na alama za gundi na nyuzi za karatasi iliyochanwa.

Nilikaa nikiangalia zile nyuzi. Halafu nikaweka mkono kwenye mfuko wa shati, kama mjinga, kama vile ingekuwa bado iko.

Mongina alikuwa jikoni anapanga kuni. Nikasimama mlangoni.

"Mama Mellen."

"Umefika wapi?"

Lilikuwa neno la kwanza kwa siku nyingi.

"Kwa 'rudi ukae chini.'"

Akageuka. "Na ile karatasi ya nyuma uliipeleka wapi?"

"Ilinyeshewa."

Alicheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya kuni. Nami nikaanza kucheka, nikidhani mambo yameisha. Akainuka.

"Na jina langu uliliweka wapi?"

Nikamwomba msamaha, mara mbili. Akasema amesikia, lakini yeye hakuchafuliwa jikoni. Alichafuliwa bandani, kanisani na shuleni.

"Nenda ulirudishe pale ulipolitoa. Mbele yao wote. Kabla ya hapo, usiniulize barua ilisema nini."

Asubuhi nikaenda kwa Madam Chepngetich nikamwambia naondoa pingamizi. Akasema haliondoki. Lina sahihi za wazazi kumi na wawili, kamati lazima ikae. Ila nitapewa nafasi ya kusema.

Kamati ilikaa Ijumaa mchana mle mle maktaba. Wale sita mbele, wazazi kumi na wawili kwenye viti vya watoto, Mureithi pembeni, Mongina karibu na dirisha, hanitazami.

Nikasimama.

Nikasema: mimi ndiye niliyejaza fomu. Nilijaza bila kusoma hata ukurasa mmoja. Nimekisoma, na hakuna uchafu. Uchafu ulikuwa kwangu. Niliona mke wangu na kitabu, nikaona jina la mwalimu, nikawaza mabaya, na hakuna baya lolote kati yao. Alikuwa ananitafutia mimi kitabu nilichokiacha darasa la sita. Na ukurasa wa mwisho ni mimi nilichana.

Nikakaa.

Nikamtazama Mongina. Alikuwa anaangalia mikono yake, lakini mabega yalikuwa yameshuka.

Drusilla akasimama.

"Baba Mellen ameondoa yake. Sawa. Sisi zetu ziko. Hiki kitabu hakina mwisho, na barua imeandikiwa mke wa mtu. Tutajuaje hiyo barua haikuwa na uchafu?"

Nawaambia, lilikuwa swali zuri. Hata mimi nilikuwa nalo.

Kamati ikanong'onezana. Madam akasema wawili wa kamati walikisoma, lakini hakimu hawezi kuwa shahidi, na mwalimu amesemwa vibaya kwenye jambo hili, si vizuri ashuhudie. Mzazi aliyekipendekeza yuko hapa, na alikimaliza kabla hakijachanwa. Asimame aeleze kilivyoisha.

Mongina akasimama, akajifuta mikono kwenye leso. Nikasogeza kiti mbele.

"Mzee Kebaso," Madam akasema, "sheria iko hapo mlangoni. Kamati ikianza kujadili, aliyejaza fomu anatoka nje."

"Lakini nimeondoa."

"Nilikwambia haliondoki."

"Na hawa kumi na wawili?"

"Hao ni mashahidi."

Nikatoka.

Mlango ulipofungwa tu, mvua ya mawe ikaanza. Mnajua ile stoo ina paa la mabati. Nilibandika sikio mlangoni, nikasikia mabati. Nikaenda dirishani.

Niliona mdomo wa mke wangu ukienda. Niliona mikono yake ikifungua barua ambayo haipo. Wanafunzi wale wawili walikuwa wameinama mbele. Drusilla akaweka mkono kifuani. Baadaye kidogo akatoa leso. Mureithi alikuwa anaangalia chini, anatabasamu, kwa sababu yeye alijua.

Kila mtu mle ndani akajua. Na mimi niko nje, mvua inanipiga kisogoni.

Walipofungua, Madam akasema kitabu kinabaki, kura sita kwa hakuna. Aliyechana ukurasa atabandika majalada ya vitabu kila Alhamisi mpaka mwisho wa muhula. Nakala nyingine itaagizwa.

Drusilla akanipita, akanishika bega.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini?"

"Utasoma, Baba Mellen."

Tukiwa njiani nikamwambia Mongina jina lake nimelirudisha. Akasema ameliona, asante. Alikuwa anatembea karibu na mimi, si mbele kama wiki zile.

"Sasa niambie."

"Nini?"

"Barua."

"Kwenye fomu uliandika kitoke," akasema. "Si kipande cha mwisho kimetoka?"

Mpaka leo hajaniambia. Nikimbembeleza anasema ameshaeleza mara moja, amechoka, na kitabu kiko njiani.

Kilifika mwezi wa saba. Kukawa na daftari la kusubiri, na sheria ile ile ya mlangoni, hakuna kuruka foleni. Wale kumi na wawili walishajiandikisha siku ileile ya kikao. Mimi ni wa kumi na tatu.

Mureithi ningeweza kumuuliza, tunabandika majalada pamoja kila Alhamisi. Ni mtu mzuri, matope ameshaanza kuyajua. Lakini Mongina alimkataza, na mwalimu anamsikiliza. Zamani hilo lingeniwasha. Siku hizi wivu wangu wote umehamia kwa wale kumi na wawili.

Ninachowaachia ni lile swali la kwanza la fomu, nililoliacha wazi. Umesoma kitabu chote? Kabla hujapinga kitabu cha watoto wa watu, lijibu. Na kabla hujamwambia mkeo au mumeo neno ambalo hutaweza kulirudisha, lijibu pia.

Kitabu sasa kiko kwa Drusilla. Alikuwa wa kwanza kwenye daftari, na tarehe yake imeshapita mara mbili. Anasema anataka kwanza ahakikishe kabisa kwamba hakina uchafu.